Maji ya maziwa ya kopo: chagua kwanza, ndipo uchemshe

Karibuni. Hapa mezani nina maji ya bomba, ya kisima na ya chupa. Tutaamua yapi yaingie kwenye maziwa ya mtoto mchanga.

Tuanze na hili dumu la kisima, maana ndilo lenye maneno mengi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala madini. Maji yakipungua kwa mvuke, yale madini yanabaki palepale, tena yamekolea zaidi. Arusha na Meru visima vingi vina floraidi nyingi. Watu waliokulia huko utawaona na meno ya kahawia. Kisima kilicho karibu na choo cha shimo kinaweza kuwa na naitreti, ambayo huzuia damu ya kichanga kubeba oksijeni sawasawa, na kwa macho huioni. Na kisima cha Dar chenye chumvi, kile kinachoharibu hata chai? Hicho kifulie nguo.

Maji ya bomba yakiwa safi, chukua hayo. Ya chupa pia yanafaa, ila soma lebo: sodiamu isizidi miligramu 200 kwa lita. Na usidanganyike na kifuniko kilichofungwa kiwandani, hayo nayo yanachemshwa.

Sasa washa jiko. Chemsha angalau lita moja mpaka yatokote kabisa, epua, funika. Acha yapoe kidogo, yasipite nusu saa. Tunayataka yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu unga wenyewe wa kopo unaweza kuwa na bakteria, na ni joto hilo linalowaua. Wengi hungoja maji yawe vuguvugu ndipo wakoroge. Hapo bakteria wamepona.

Mimina maji kwanza kwenye chupa iliyochemshwa, kisha unga, vijiko vilivyosawazishwa kama kopo linavyoelekeza. Usiongeze, usipunguze. Funga, tikisa, pooza chupa kwenye bakuli la maji baridi, dondoshea kifundoni mwa mkono uone joto.

Atakachobakiza mwaga, najua kopo ni ghali. Ukisafiri, beba maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai safi, unga pembeni, ukoroge mtoto akianza kulia.