Mshono Wenye Umbo la Nanga

(Mhadhara uliotolewa kwa akina mama, Wete, Pemba)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, mama zangu, dada zangu, wanangu.

Nimeombwa nizungumze juu ya mshono wa kupunguza matiti unapochelewa kufunga. Wapo hapa waliokuja kwa ajili yao wenyewe, na wapo waliosema wanamsindikiza jirani. Nyote mmefika kwenu. Nimeosha vidonda miaka mingi, na kidonda cha titi ndicho nilichokiona kikifichwa kuliko vyote. Mtu akipasuliwa mguu, kila anayekuja kumtazama anaonyeshwa bendeji. Akipasuliwa titi, hata dada yake wa tumbo moja hana habari.

Dada mmoja alinipigia simu usiku, anasema kwa sauti ya chini, amejifungia msalani ili watu wa nyumbani wasimsikie. Ilikuwa siku ya kumi na nane tangu apasuliwe. Mshono wa chini ya titi umeachia, pana tundu linaloingia ncha ya kidole. Hata salamu hatujamaliza akaniuliza: "Nimekosa nini?" Leo namjibu yeye, na kila mwenye suali kama lake.

Matiti makubwa sana yanapopunguzwa, njia inayotumika mara nyingi huacha mishono yenye umbo la nanga. Nyinyi watu wa Pemba sina haja ya kukuelezeni nanga. Pete ya juu ni mshono unaozunguka weusi wa chuchu. Mti wake ni mshono unaoteremka kutoka kwenye chuchu. Na ule mkono uliopinda ni mshono uliolala katika mkunjo wa chini ya titi, kutoka upande wa kwapa kuja katikati ya kifua. Pale mti unapokutana na mkono, hapo ndipo panapofumuka. Si kwa dada yule tu. Madaktari wa upasuaji duniani kote wanapajua mahali hapo, na wengi wao humwambia mgonjwa mapema kwamba huenda pakachelewa.

Kwa nini pale? Kidonda kinafungwa na damu. Damu ndiyo inayoleta oksijeni, chakula na askari wa mwili. Daktari amekata, ametoa nyama na mafuta, pengine nusu kilo, pengine zaidi ya kilo kwa kila upande, kisha akavuta pande za ngozi zikutane. Ncha za pande hizo ndizo zilizo mbali kabisa na mishipa inayozilisha. Mnaokaa mwisho wa bomba la maji mnalijua hili: maji yakipungua kidogo tu, nyinyi ndio wa mwanzo kukosa. Juu ya hilo, hapo ndipo ngozi ilipovutwa kuliko kwengine, uzito wa titi unapakalia, na joto letu hili linapafanya parowe jasho kutwa.

Kwa hiyo, dada yangu, hukukosa kitu. Wala si jicho la mtu, wala si adhabu ya kubadilisha maumbile. Wewe ulikuwa na mgongo usiolala, mabega yaliyochimbika kwa mikanda ya sidiria, upele wa chini ya titi usiokauka kila msimu wa joto. Ulikwenda kutibiwa maradhi.

Yapo lakini mambo yanayoipunguza damu ile, na haya yako mikononi mwetu. La kwanza ni tumbaku. Mkisikia tumbaku mnafikiria sigara, na mnasema sisi wanawake hatuvuti. Na ile ya kwenye tambuu? Na ugoro? Nikotini ni ile ile, ipite puani, mdomoni au mapafuni, na kazi yake ni kuibana mishipa midogo. Mtu anayekula tumbaku anaweza kupoteza ngozi ya ncha za mshono, hata chuchu yenyewe. Iacheni angalau wiki 4 kabla ya kupasuliwa, na msiirudie mpaka kidonda kifunge. Nasema na bibi zangu waliokaa mstari wa mbele, kwa heshima zote: hata kipande kidogo.

Sukari ikiwa juu, askari wa mwili huwa wavivu na vijidudu hupata karamu. Upungufu wa damu nao hurudisha nyuma, na wanawake wengi wa kwetu wanao bila kujua. Vipimo vyote viwili ni tone la damu. Vipimwe kabla, na vipimwe tena kidonda kikikawia.

Halafu chakula. Nyumba nyingi nilizoingia nimemkuta mgonjwa amekatazwa mayai na samaki, ati vitatia usaha. Anakunywa uji mtupu siku kumi. Nyama mpya inajengwa kwa protini! Mwenye kidonda anahitaji kama gramu moja na nusu ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwanamke wa kilo 60 ni gramu 90. Yai moja lina gramu 6 tu. Sasa huo uji utafika wapi? Mpeni changu, mpeni dagaa, mpeni kunde na choroko, na machungwa au mapera kwa ajili ya vitamini C, kwani bila yake mwili hauwezi kusuka nyuzi za kolajeni zinazoshika kovu. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Tuje kwenye yanayopakwa. Mafuta ya karafuu ni fahari yetu, lakini kwenye nyama iliyo wazi yanaunguza. Liwa, singo, manjano, majivu, dawa ya meno: vyote nimevikuta ndani ya vidonda, na vyote nimevitoa kwa tabu huku mgonjwa analia. Asali ya kutibia vidonda ipo, lakini hiyo imesafishwa kiwandani ikauliwa vijidudu. Ile ya kwenye chupa ya jikoni haikupitia huko.

Na lile la "kiache wazi kipigwe na upepo kikauke". Nami nililelewa nalo. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili kwa kasi kuliko kilichoachwa kufanya gaga. Chembe za ngozi zinatambaa, na juu ya unyevu zinatambaa upesi. Basi kiosheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, kifunikeni kama mlivyoelekezwa, na sidiria ya pamba isiyo na waya ilishike titi usiku na mchana. Maji ya bahari siyo maji ya chumvi ninayoyasema. Mama anayelima mwani asiingie baharini na tundu kifuani, kwa sababu bahari ya joto ina bakteria wanaoweza kuingia hapo wakamtia hatarini.

Tundu lile halishonwi tena haraka haraka. Mara nyingi linaachwa lijae lenyewe kutoka chini, kwa wiki kadhaa, pengine miezi miwili. Mtaona nyama nyekundu yenye chembechembe, hiyo ni njema. Mtaona utando wa njano, na si lazima uwe usaha. Mtaona majimaji yenye mafuta, ni mafuta ya titi yaliyokosa damu yakayeyuka. Pengine ncha ya uzi wa ndani itachomoza: msiivute, muuguzi ataikata.

Vitabu vinasema mtazame wekundu. Ngozi zetu nyeusi haziwi nyekundu hivyo. Tazameni kama pembeni pamezidi weusi au rangi ya zambarau, pamevimba pakang'aa. Wekeni mgongo wa mkono, mlinganishe joto na titi la pili. Joto linalosambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, harufu mbaya, homa ya 38, chuchu inayogeuka rangi na kuwa baridi: hayo hayangoji asubuhi. Daktari aliyekupasua akiwa Unguja au Dar es Salaam, usingoje boti. Nenda hospitali ya karibu usiku huo huo.

Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Mwanamke akijifungua, tunamweka ndani arobaini. Anakandwa, anapikiwa, hashiki ndoo. Huyu aliyepasuliwa matiti mawili, siku ya saba namkuta juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna anayejua. Wiki ya 3 mshono una kama sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya asili. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kila anapoinyanyua, pale penye nanga panavutika. Kukuna, kutwanga, kuanika nguo kamba ya juu, kubeba mtoto: vyote hivyo vifanywe na mwengine, na mumewe akiwemo. Kama hataki kuwaambia watu wote, amwambie mmoja anayemuamini, huyo amshikie nyumba.

Kuhusu udhu na bendeji, na kufunga Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa zake, na sheikh wenu atakuelezeni vizuri kuliko mimi.

Kule nyuma nimetundika pazia, na maji ya kuoshea na shashi safi ninavyo. Mwenye mshono anaotaka niutazame asiondoke na wenzake. Mlango wa uani uko wazi, atatokea huko.