Triumph Spitfire mu lupango: tunatengeneza shasi na suspansio

Jambo yenu bandugu na bayaya. Tuko Lubumbashi, mu lupango, na hii munaona hapa ni Triumph Spitfire, kagari ka Uingereza yenye ilitoka kuanza 1962 mpaka 1980. Shasi na karoseri ni vitu viwili, karoseri inafungwa juu ya shasi na bulo, njo maana mutu anaweza kuitengeneza kwake. Bengi banaanza na rangi juu njo yenye inaonekana, sasa leo rangi ya inje hatuigusi hata.

Mbele ya kutosha karoseri, usude bomba mu fasi ya milango kushoto na kuume. Hii gari nguvu yake ingine iko mu vile vyuma vya chini ya milango, tena mikono ya suspansio ya nyuma inashikana na karoseri, haishikane na shasi. Ukiinyanyua hivi hivi inajikunja, na kisha milango haitafunga tena.

Sasa shasi iko juu ya bashandeli (vile vyuma vya miguu vyenye kubeba gari), kriki peke yake hapana, usilale chini yake. Safisha mafuta yote, kisha chukua nyundo gonga kidogo kidogo: chuma kizima kinalia, chuma chenye kuoza kinajibu kama karatasi. Angalia sana fasi maji inabakiaga, ndani mu zile pembe zenye kufungwa. Mbele ya kukata pima diyagonali mbili (kutoka pembe moja mpaka pembe ya kinyume), andika na shoki hapo hapo, juu sudure inavutaga chuma, na kisha ya kusude pima tena. Sude kidogo huku, uruke kule, usikamilishe upande mumoja wote mara moja hata kama una haraka juu kuran inaweza kukatika.

Chuma yenye imetoka ku brosi, paka ile siku ile ile. Kama mvua ya mwezi wa kumi na moja imeanza ndio hata usingoje kesho. Epoksi (rangi ya kwanza yenye kukinga chuma) kwanza, rangi nyuma, na ndani mu bomba ya shasi unasukuma nta ya kukinga kutu.

Suspansio ya mbele sasa, na hapa bayaya musicheze. Resori inazunguka amortisere (shokamzoba) na imefinywa, ukifungua ile ekru ya juu bila kompresa ya resori inaruka, mukono yako inavunjika. Chini ya pivo (kile chuma chenye kushika pine) kuko trunioni, kipande cha bronzi chenye filete ndani, pivo inazunguka ndani na filete kila ukigeuza usukani. Watu banawekaga grisi. Hapana! Mafuta ya buati ya vitesi (gia), namba 90, njo inapita mpaka chini mu filete, grisi inabakia juu, filete inakauka, pivo inavunjika na pine inalala njiani. Ya kushoto na ya kuume hazifanane, usichanganye. Trunioni unaifunga ku pivo mpaka mwisho kisha unarudisha kidogo ili usukani upate kugeuka yote pande mbili.

Nyuma kuko resori moja ya malami (vyuma vya bapa vyenye kupangwa moja juu ya ingine) inalala kutoka pine hii mpaka ile, juu ya difransieli (difu). Ba silambloki (vile vikauchu vya fasi mikono ya suspansio inashikana) unabadilisha yote, kama hupate nenda ku turneri, fundi wa turu, ile mashini ya kuchonga chuma; bapapa wenye balifanya ku Gécamines, kampuni ya migodi, banajua turu vizuri kabisa.

Na neno moja lenye ba mekanisie wengi banarukaga: bulo za silambloki usizikaze gari ikiwa inaning'inia. Fungeni na mukono tu, mushushe gari ku pine, watu wawili bakae ndani, njo sasa kaza. Kauchu ikikazwa vibaya inabakia imejipinda kila siku, gari inasimama juu juu, na ba silambloki mupya inapasuka mbio.

Kisha peleka gari ku paralelisme (kupima na kunyoosha pine), tembea nayo polepole barabara ya Likasi, na ukirudi unachukua kle unapita tena bulo zote moja moja.