Toba ya saa ya mwisho: anayechelewa ni nani?

Ninyi mliokuja kujifunza kukaa na wagonjwa walio karibu kufa, nianze na yule mnyang'anyi aliyetubu msalabani kando ya Yesu, maana nisipoanza naye nitaulizwa habari zake kwenye maswali, kama ilivyo ada. Watu wanampenda sana mtu huyu. Wanadhani alipiga hesabu nzuri: akala maisha, akatubu dakika ya mwisho, akapita. Tafadhalini, someni Luka 23 kuanzia mstari wa 39, msirukie wa 43 mnaoujua kwa kichwa, Yesu anapomwahidi pepo.

Kwanza anamkemea mwenzake: humwogopi hata Mungu? Kisha anakubali hukumu: "Nayo ni haki kwetu sisi." Hajitetei, hasingizii umaskini wala marafiki wabaya. Kisha anamtetea Yesu kwamba hana kosa. Ndipo anaomba, na katika ombi lenyewe hata neno "nisamehe" hamna: "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Basi. Mathayo 27:44 anatuambia kwamba wanyang'anyi wote wawili walikuwa wakimtukana Yesu. Kwa hiyo huyu hakuwa na mpango wowote wa kutubu mwishoni. Nafasi ilimkuta palepale alipotundikwa, naye akaishika. Ukitaka kisingizio cha kuahirisha toba mpaka uzeeni, tafuta mtu mwingine, huyu hakuahirisha.

Wahubiri wetu wakifika hapa hupanda sauti: "Usichelewe!" Ni kweli, usichelewe. Lakini mimi nimesema mahali pengi, na leo narudia, kwamba kwenye kitanda cha mtu anayekufa anayechelewa zaidi huwa si mgonjwa. Ni sisi. Tunaitwa kwa kuchelewa, tunafika kwa kuchelewa, na tukishafika tunasema mengi mno.

Niwape kisa ninachokipenda. Ni cha karne ya 3, mjini Aleksandria. Kimo katika barua ya askofu Dionisi kwa Fabio wa Antiokia, na Eusebi, mwandishi wa historia ya Kanisa, aliihifadhi. Kulikuwa na mzee anaitwa Serapioni, aliyeishi miaka mingi bila lawama. Yakaja mateso ya kaisari Decius, kila mtu akaamriwa kutoa sadaka kwa miungu, na mzee akaanguka: alitoa. Mateso yalipopita aliomba msamaha wa Kanisa. Aliomba mara nyingi, Dionisi anasema, wala hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa alikuwa ametoa sadaka. Hapo ndipo nataka mpatazame kwa karibu, maana wasimulizi wengi huparuka wakimbilie muujiza.

Akaugua. Siku tatu hana sauti, hana fahamu. Siku ya nne akapata nafuu kidogo, akamwita mjukuu wake, mtoto wa binti yake, akamuuliza mtanizuia mpaka lini, harakisheni mniachilie, niitie padri mmoja. Akazima tena. Kijana akakimbia. Ni usiku, na padri mwenyewe ni mgonjwa, hawezi kuinuka kitandani. Sasa angalieni alichofanya padri yule. Hakusema "njoo kesho". Hakusema "tutaitisha kikao cha wazee". Dionisi alikwisha kuagiza kwamba walio karibu kufa wakiomba, hasa kama waliomba tangu zamani, waondolewe dhambi ili waondoke na tumaini jema. Kwa hiyo akachukua kipande kidogo cha Ekaristi, yaani mkate uliowekwa wakfu, akamkabidhi kijana, akamwelekeza akiloweshe kisha akidondoshe kinywani mwa mzee. Kijana hajaingia ndani, mzee akazinduka: umefika, mwanangu, padri hakuweza kuja, lakini wewe fanya upesi alivyokuagiza, uniache niende. Kijana akalowesha, akamdondoshea. Mzee akameza kidogo, akakata roho.

Watu husema: ajabu, Mungu alimtunza mpaka msamaha ukamfikia. Dionisi naye anasema hivyo. Mimi nauliza, yale maombi ya mwanzo, alipokuwa na sauti na akili timamu, yaliishia wapi? Neema ilibidi ipite usiku, mikononi mwa mtoto, kupitia padri mgonjwa, kwa sababu wenye afya walikuwa wameziba masikio.

Mtaniambia: Kanisa lilikuwa likilinda utakatifu wa toba. Najua. Askofu Sipriani wa Karthago, mtu mzito wa karne hiyohiyo, aliandika kwamba wale waliokataa kutubu walipokuwa wazima, wakaanza kuomba wakiwa wagonjwa, wanyimwe, kwa kuwa kinachowasukuma ni woga wa kifo, si majuto ya dhambi. Hoja hii haichekeshi. Lakini Kanisa halikubaki hapo. Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, kanuni ya 13: aliye katika kufa asinyimwe Komunyo ya mwisho, ile pamba ya njiani, yaani chakula cha safari. Na kama akipona? Kanuni hiyohiyo inajibu: arudi kusimama na wale wanaoshiriki sala tu, amalize toba yake. Mnaona? Hofu ya kudanganywa na mgonjwa ilipewa jibu la kiutaratibu, haikufanywa sababu ya kumnyima. Mwaka 428 Papa Selestini I akawaandikia maaskofu wa Gallia (Ufaransa ya leo) waliokuwa wakiwanyima toba wanaokufa. Aliwaambia kwamba kufanya hivyo ni kumwongezea anayekufa kifo kingine, akawakumbusha huyuhuyu mnyang'anyi wetu.

Na woga? Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba hata majuto yanayotokana na hofu ya jehanamu, mradi mtu aache nia ya dhambi na atumaini msamaha, ni zawadi ya Mungu na yanamwandaa mtu kupokea neema katika Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi. Ndugu zangu Walutheri na Wapentekoste humu ndani mtalieleza jambo hili kwa njia nyingine: Waefeso 2:8, mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na imani haipimwi kwa wingi wa machozi. Tutagombana kuhusu mengine baada ya chai. Kwa hili la kitandani tunakutana: anayeogopa asifukuzwe kwa sababu anaogopa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana mmekuja kujifunza kukaa na wagonjwa, hamkuja kusikia historia.

Itwa mapema. Mapema maana yake ni pale madaktari wanapoacha kusema "tutamtibu" na kuanza kusema "tutampunguzia maumivu". Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1004 ya Sheria za Kanisa inataka Mpako wa Wagonjwa, yaani kupakwa mafuta matakatifu na padri, utolewe mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Anapoanza, jamani! Na unaweza kurudiwa akipona kisha akaugua tena sana, au hali ikizidi kuwa mbaya katika ugonjwa uleule. Kwa hiyo hakuna hasara ya kuwahi. Familia zitasema, "Akimwona padri atajua anakufa." Anajua. Mara nyingi alijua kabla yenu, na amekaa kimya kwa ajili yenu.

Muulize muuguzi ni saa ngapi mgonjwa anakuwa mwepesi wa akili. Dawa kali za maumivu zina saa zinapomlaza na saa anapoamka. Nenda saa hiyo, hata kama ni alfajiri. Lakini msithubutu kuomba dozi icheleweshwe ili "awe na akili ya kutubu". Maumivu hayamsaidii mtu kutubu, yanamfanya afikirie maumivu tu.

Watoe watu chumbani. Hili linaleta ugomvi, nami sirudi nyuma. Hakuna mwanamume atakayeungama habari za nyumba ndogo huku mkewe ameshika mto wake. Waambie kwa upole dakika 15, funga mlango. Kinywa kikiwa kikavu, omba muuguzi akiloweshe kwanza, maana ulimi uliokauka hausemi. Barakoa ya oksijeni usiiguse bila ruhusa. Kaa, usisimame juu yake. Kaa upande wa sikio linalosikia vizuri, macho yenu yalingane. Taja jina lake, taja jina lako, nyamaza.

Kama hawezi kusema, patana naye ishara: kubana mkono ni ndiyo, kuulegeza ni hapana. Halafu ijaribu ishara hiyo kabla ya kuitegemea. Muulize kwa jina lake la kweli, kisha kwa jina lisilo lake. Akibana yote mawili, hujui anajibu nini, basi usijenge juu ya mkono ule. Sali naye tu, mkabidhi kwa Mungu. Ishara ikikubali, uliza jambo moja kwa swali moja, kwa maneno machache. Nimesikia watu wanauliza, "Je, unatubu dhambi zako zote na kumpokea Yesu kuwa Bwana na Mwokozi na kuwasamehe wote waliokukosea?" Hayo ni maswali matatu. Mgonjwa akitikisa kichwa, amekubali lipi? Pengine amekubali la tatu peke yake, na hilo ndilo lililokuwa likimkaba. Uliza: "Unataka Mungu akusamehe?" Ngoja, hesabu moyoni mpaka thelathini. Akili ya mtu aliyedhoofika inafika, ila inafika kwa kuchelewa, na wewe ukiijaza nafasi hiyo kwa maneno unamfuta jibu lake.

Kuhusu sala ya kuongozwa, ile ya "fuatisha maneno yangu". Siipingi. Ninachopinga ni urefu wake. Mtu anayevuta pumzi moja, anatulia, anavuta nyingine, hawezi kufuatisha sentensi ya maneno ishirini. Anaachwa katikati, na wewe unaendelea peke yako kama karani anayemjazia mwenzake fomu. Mpe ya mtoza ushuru, Luka 18:13: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Ikiwa hata hiyo ni ndefu, jina la Yesu peke yake. Na ukitoka nje usitangaze, "Ameokoka saa nane na dakika tano!" Wewe umeshuhudia mkono uliobanwa, mengine ni ya Mungu.

Na aliyepoteza fahamu kabisa? Endelea kusema naye, taratibu, maana usikivu mara nyingi hudumu hata jibu linapokoma. Mtakatifu Agostino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, anaeleza habari za rafiki yake wa ujanani aliyebatizwa akiwa hajitambui kwa homa. Akapata nafuu, Agostino akaanza kumtania kuhusu ubatizo ule, akitarajia wacheke pamoja. Rafiki akamtazama kama adui, akamwambia akome maneno hayo akitaka wabaki marafiki. Siku chache baadaye homa ikarudi, akafa. Kwa hiyo msidharau kilichofanyika wakati mtu amefumba macho.

Jambo lingine, upesi. Waandishi wa karne ya 15 waliofundisha namna ya kufa vizuri walitaja vishawishi vitano vya kitandani: kupungukiwa imani, kukata tamaa, kukosa uvumilivu, majivuno ya kiroho, na kung'ang'ania mali. Sisi tunamkimbilia mlevi kwa sababu ya kile cha pili. Mzee wa kanisa wa miaka arobaini tunampigia makofi, wala hatumuulizi kitu, naye anakufa na cha nne. Agostino huyohuyo, mwaka 430, Wavandali wameuzunguka mji wa Hippo, aliagiza zaburi za toba ziandikwe zibandikwe ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma akilia. Kwa muda wa siku kumi hivi hakutaka mtu aingie, isipokuwa waganga wanapokuja au chakula kinapoletwa. Askofu yule! Basi na mwinjilisti wenu msimpite.

Naonyeshwa saa. Ubatizo wa dharura: kwa Wakatoliki mtu yeyote aweza kuutoa, hata asiyebatizwa, mradi ana nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa. Maji yatiririke juu ya kichwa, si kupaka kidole chenye unyevu, huku unasema "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mtu mzima awe ameonyesha kwa namna fulani kwamba anataka. Padri yeyote, hata aliyeachishwa huduma, anaweza kuondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa, kanuni ya 976. Msikae mnamtafuta paroko wakati yule mwingine yupo nyumba ya pili. Asiyeweza kumeza hostia, yaani mkate wa Komunyo, aweza kupewa divai iliyowekwa wakfu peke yake, matone machache. Shemasi hapaki mafuta. Madeni na malipizi nilitaka kuyasemea kwa kirefu, ila ni hivi: Zakayo alikuwa na muda wa kurudisha mara nne, mgonjwa wako hana. Muulize anadaiwa nini na nani, andika mbele ya shahidi mmoja anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe.

Habari ya waliojiua sitaigusa leo, inahitaji siku yake. Karibuni maswali, na tafadhali swali liwe swali, lisiwe mahubiri.