Pima Hadi Diski Kabla Haijakufia Mkononi

Karibuni tena. Leo tunapima hadi diski (hard disk) ya kuzunguka kwenye Windows. Hii hapa mezani ni ya GB 500, imetoka kwenye laptop ya mtumba. Mwenyewe analalamika kwamba kila akifungua folda ya picha, mashine inaganda.

Kabla ya programu yoyote, sogeza sikio. Mvumo laini ni kawaida. Ukisikia tik, tik, tik, kimya, halafu tik tena, zima mashine na usiendelee na video hii. Diski inayogonga hivyo ukiilazimisha, unaimaliza.

Yako imetulia? Basi nakili mafaili yako ya muhimu kwenye diski nyingine. Usiseme utanakili baadaye. Vipimo vyenyewe vinaichosha.

Sasa fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, ni ya bure. Ule mraba wa bluu unasema diski ni nzima, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Wengi wanaishia kwenye rangi. Wewe shuka kwenye jedwali, na kwanza ingia Function, Advanced Feature, Raw Values, uchague 10 [DEC]. Mnaona? Mstari wa C5 ulikuwa unasoma 18, sasa unasoma 24. Namba ni ileile, ila mwanzo iliandikwa kwa hesabu ya 16 (hexadecimal), si ya kumi tuliyozoea. Nimeona watu wakisoma vibaya hapo.

C5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski vya kuhifadhia data, zenye mashaka, 05 ni zilizokwisha kubadilishwa na za akiba, C6 ni zilizoshindikana kabisa. Tunataka sifuri kote. C7, makosa ya kusafirisha data kwenye waya, ikipanda kwenye kompyuta ya mezani, jaribu waya mwingine wa data kabla ya kuilaumu diski. Na kama unanunua iliyotumika, tazama 09, saa ilizowaka: mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Muuzaji akikwambia "miezi miwili tu" na hapo pameandikwa 20,000, mrudishie.

Mwisho, fungua CMD, dirisha la kuandikia amri la Windows, kama msimamizi, andika chkdsk D: /r, ukiweka herufi ya diski yako; amri hii inakagua diski nzima kutafuta sekta mbovu. Ikiwa ni C, itaomba ifanye kazi ukiwasha upya, bonyeza Y. Iache usiku kucha.

Asubuhi rudi kwenye jedwali ulinganishe. Hii yetu C5 imetoka 24 mpaka 61. Nimeshampigia mwenyewe aje na diski mpya.