Gauni la harusi la mtindo wa kina bibi: tumeingia kwa fundi wa Nottingham

Habari zenu wapendwa wangu. Mama zangu, mashangazi, mashoga zangu, na nyie kina kaka mnaojifanya mmepita tu kumbe mnaangalia hadi mwisho, karibuni. Leo niko Nottingham, nimemsindikiza rafiki yangu, mtoto wa Tanga, anaolewa huku mwakani. Gauni la dukani hataki. Anataka la kushonewa, tena la mtindo wa miaka ya 1930.

Najua mtauliza: ni mtumba? Hapana. Ingawa mtumba wa harusi nao huku unavaliwa na hakuna anayecheka. Mwaka 2020 Princess Beatrice aliolewa na gauni la bibi yake, Malkia Elizabeth, kazi ya mbunifu wa mavazi Norman Hartnell. Wakaliongezea mikono, wakalirekebisha kidogo, mtoto akapendeza. Huyu fundi wetu anashona mapya kabisa, ila ukataji wake ni wa zamani. Anajitegemea, hana kampuni kubwa nyuma yake. Chumba kimoja cha ghorofani, meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na magauni yametundikwa juu kabisa karibu na dari.

Nikauliza, mbona yale yananing'inia hivyo, hayana mwenyewe? Kumbe yanasubiri pindo. Magauni ya miaka ya 1930 kitambaa kilikatwa mshazari, mtindo ambao mbunifu Madeleine Vionnet wa Paris ndiye aliyeupa umaarufu. Kitambaa kinalazwa kwa pembe, mkasi haufuati uzi wake, ndiyo maana gauni linateleza na kufuata mwili bila kubana. Tatizo lake, kitambaa kilichokatwa hivyo kinashuka chenyewe kikitundikwa, na hakishuki sawasawa. Ukikata pindo siku hiyohiyo, siku ya harusi bibi harusi ana upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Kwa hiyo linaachwa lining'inie mpaka likate tamaa, ndipo pindo linakatwa. Na mtindo huo unakula kitambaa, jamani! Mabaki tu unamshonea mtoto nguo ya ubatizo.

Sasa hapa ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Kabla hajagusa hariri, anashona gauni zima kwa marekani, ile nyeupe ya bei rahisi. Zima! Bibi harusi analivaa, fundi anazunguka na pini mdomoni, anachora kwa kalamu juu ya kitambaa: hapa punguza, hapa bega limeanguka, hapa inua kifua. Rafiki yangu akaambiwa aketi, ainue mikono, acheze kidogo. Akacheza mduara pale katikati ya chumba, mzungu wa watu anacheka na pini zake. Kisha marekani inafumuliwa, na vile vipande vilivyochorwa ndivyo vinavyotumika kukatia hariri. Makosa yote yanabaki kwenye kitambaa cha bei rahisi.

Na lesi, ngoja niwasogezee kamera. Mnaona hapa ubavuni? Tafuteni mshono. Hamuuoni, na upo. Anachukua mkasi mdogo, anakata kufuata ukingo wa ua, halafu ua la upande huu analilaza juu ya upande ule na kulishona kwa mkono, uzi mwembamba, pembeni mwa kila petali. Ubavu mmoja unaweza kumla siku nzima. Mgongoni hakuna zipu. Kuna vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na vitanzi vyake. Kuvifunga unatumia sindano ya kufumia, ile yenye ndoano, vinginevyo kucha zitaisha kabla ya ndoa kufungwa.

Mji wenyewe ni mji wa lesi, kwa taarifa yenu. Mwaka 1813 John Leavers alitengeneza hapa mashine iliyokuja kufuma lesi ya kukaribia ile ya mkono, na karne hiyo mtaa mzima wa maghala ukawa unauza lesi duniani. Mpaka leo mtaa unaitwa Lace Market, ila sasa umejaa fleti na baa. Kwa Uingereza, mashine za Leavers za kiwandani zimebaki Ilkeston, mji wa jirani, kwenye kiwanda cha Cluny Lace. Lesi yao ni kati ya zile zilizoingia kwenye gauni la harusi la Kate Middleton, alipoolewa na Prince William mwaka 2011. Kwenye gauni lile washonaji walikuwa wakinawa mikono kila nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya saa tatu, lesi na uzi visichafuke.

Wateja wengine wa huyu dada wanapenda miaka ya 1950, sketi zilizofura zinazoishia chini kidogo ya goti. Zile sketi zina historia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka kadhaa baada yake, nguo Uingereza zilinunuliwa kwa kuponi za mgawo, kuanzia Juni 1941 hadi Machi 1949. Wapo waliojishonea magauni ya harusi kwa hariri ya maparachuti ya wanajeshi. Hata Elizabeth alipoolewa Novemba 1947 ilibidi aongezewe kuponi 200, na wanawake waliomtumia za kwao walirudishiwa, kwa kuwa kumpa mtu kuponi zako ilikuwa kosa la sheria. Sasa watu wametoka kwenye shida kama ile, mita tano za sketi unadhani wangeziogopa?

Bei. Haya, kaeni chini. Kwake inaanzia pauni 2,000, nusu unalipa mwanzo, na uanze kumwona miezi minane kabla ya harusi. Pigeni wenyewe hesabu ya shilingi. Mimi siwaambii muache kukodi shela saluni; gauni la siku moja kukodi ni akili. Ila wanaosema mafundi wetu hawawezi kazi hii, nawapinga. Mikono wanayo. Sisi wateja ndio tunampelekea fundi kitambaa wiki mbili kabla ya harusi, na picha ya kwenye simu, halafu tunamwomba apunguze. Kamati inajadili ukumbi na MC vikao vitatu, gauni linapata hela iliyobaki. Ukimwambia fundi wa Kariakoo, nakulipa ushone kwanza la marekani, nipate kulijaribu, ndipo ukate lenyewe, atakushangaa, lakini atashona. Na mpelekee viatu utakavyovaa siku hiyo, maana urefu wa pindo unapimwa na kisigino.

Dada aliyeniuliza kama anaweza kumtumia fundi vipimo kwa WhatsApp kutoka Mwanza: nimemuuliza, amekataa. Lazima akuone ukiwa umelivaa lile la majaribio. Mafundi mnaonitazama, niandikieni hapo chini lesi nzuri ya pamba siku hizi mita inauzwaje Kariakoo, maana bibi harusi wetu ana wadogo zake watano wa kuvalishwa, na hao watashonewa Dar.