Kabla hujauza bodi, nunua miwani ya jua

Haya jamani tuanze, waliochelewa watatukuta njiani. Wengi wenu mnanijua na mnajua nitasema nini, kuna kijana pale nyuma ameshaanza kucheka. Cheka tu, ila kabla hujatoka hapa utanifungulia begi lako nione kama unayo ND, ile miwani ya jua ya lenzi, kioo cheusi cha kupunguza mwanga. Huna. Una bodi mbili za kamera, una stika ya jina lako kwenye gari, ND huna.

Nimeambiwa niongelee lenzi za bei nafuu na vikorokoro vya kushutia video kwa DSLR, hizi kamera za kubadilisha lenzi, na lenzi tutafika. Ila naanza na hiki kioo cheusi kwa sababu kila wiki napigiwa simu na mtu anataka kuuza Canon 600D yake, "kaka, video zangu zinarukaruka, kamera imechoka". Kamera haijachoka!

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilishuti harusi Bagamoyo, ufukweni, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa. Nina lenzi mpya ya 50mm, tundu lake, yaani apacha, nimelifungua f/2.8 maana nilitaka nyuma pafifie bibi harusi abaki peke yake, ISO, ule wepesi wa kamera kupokea mwanga, nimeshusha mpaka 100, picha bado nyeupe pee. Nikafanya kama mnavyofanya nyie wote, nikapandisha kasi ya shata, lile pazia la kamera, mpaka 1/3200 ya sekunde, kwenye kioo cha kamera ikaonekana safi kabisa nikajiona bingwa. Matarumbeta yakaingia, watu wakacheza, nikarudi nyumbani nimechoka vizuri.

Kufungua kwenye kompyuta, yule mpiga ngoma fimbo zake hazipiti hewani, zinatokea tu. Ziko juu, ziko chini, katikati hamna kitu. Shela ya bibi harusi ambayo upepo wa bahari ulikua unaipeperusha vizuri, inashtuka kama mtu aliyeitwa jina usiku. Nikapeleka hivyohivyo. Mama wa bibi harusi akanipigia, "Baba, mbona mwanangu anatembea kama umeme unakatika?" Nikamwambia DVD imekwaruzika. Nikamchomea nyingine, ileile, Mungu anisamehe, akaniuliza tena swali lilelile.

Sasa tatizo ni nini. Unarekodi fremu 25 kwa sekunde, shata inatakiwa iwe karibu na 1/50, ili kila fremu ibebe kaukungu kidogo ka mwendo, hako kaukungu ndiko kanakoshonea fremu moja na inayofuata. Ukiweka 1/3200 kila fremu inakua picha ya mnato, imeganda, afu unaziporomosha 25 kwa sekunde moja, lazima zigongane.

Najua kuna mtu anasema si unabana tu apacha. Bana. Kwenye jua kama lile, ISO 100 na 1/50, itabidi ubane mpaka f/22, maana namba ikikua tundu linapungua. Hapo nyuma panaonekana pote, mpaka muuza madafu na baiskeli yake, na picha yenyewe inalegea ukali kwa sababu tundu limekua dogo mno, na kila vumbi lililokaa kwenye sensa miaka mitatu linajitokeza doa doa angani. Sasa 50mm ulinunua ya nini?

Toka f/22 mpaka f/2.8 ni hatua 6. Kila hatua ni nusu ya mwanga, zidisha mbili mara sita upate 64, kwa iyo unataka ND64. Kwisha, hiyo ndio hesabu nzima. Kwa harusi ambapo unaingia kanisani unatoka juani, chukua ND ya kuzungusha, unayoongeza na kupunguza giza lake, ila usiizungushe mpaka mwisho, itakuchorea msalaba mweusi katikati ya picha na hautafutika. Na saizi! Kijana mmoja alizunguka Kariakoo nzima anatafuta filta ya 50 kwa sababu lenzi yake imeandikwa 50mm. Ndugu yangu, ile ni fokali, lenzi inavuta kiasi gani. Saizi ya filta inakaa pembeni ya kale kaduara kenye mstari, kwa 50mm STM ya Canon ni 49, kwa kit lenzi nyingi za Canon, zile za 18-55 zinazokuja na kamera, ni 58. Usinunue filta mbili, nunua moja kubwa ya 77 na ringi za kuifungia kwenye lenzi ndogo, ringi ni bei ya chipsi.

Na jambo dogo hapohapo, kamera nyingine zinakuja zimewekwa NTSC, mfumo wa video wa nchi zenye umeme wa 60Hz. Umeme wetu ni 50Hz, ingia kwenye menyu weka PAL, ubaki na hiyo 1/50, la sivyo ukumbini taa zitakuchezea mawimbi ukutani. Wengine mnalaumu ukumbi.

Haya lenzi, naona naonyeshwa saa. Canon 50mm f/1.8 STM ilitoka 2015 kwa dola 125, used ni chini ya hapo, nunua. Ila kwenye bodi zenye sensa ndogo kama 600D au 700D inabana kama 80mm, ukishuti kitchen party kwenye sebule zetu hizi utajikuta umesimama jikoni kwa watu, kwa iyo ya pili iwe 24mm f/2.8, ile nyembamba kama chapati. Za zamani za Kirusi, Helios 44-2, ni tamu na ringi yake ya apacha inateleza bila kugonga, na adapta ya kuifungia kwenye Canon ni chuma tupu. Wa Nikon pole, adapta ya chuma tupu haitakufikisha kufokasi mbali, yenu inahitaji kioo ndani. Sibishani na mtu wa Nikon leo.

Maiki: 600D ina tundu la kuchomekea maiki, 1300D na 2000D hazina, angalia kabla hujatoa hela. Huna tundu? Maiki ya kubana kwenye shati, chomeka kwenye simu, simu mfukoni kwa bwana harusi, piga kofi moja mbele ya kamera, utaoanisha sauti na picha nyumbani. Tripodi tuliongea mwaka jana.

Dakika mbili? Basi ya mwisho, maana tuko pwani. Lenzi used usiangalie nje inavyong'aa, kuvu linaota ndani, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Fungua apacha yote, mulika tochi upande wa nyuma, chungulia mbele kwa kuinamisha. Nani ana lenzi hapa ya mkononi? Wewe uliyecheka, lete. Na mwenye simu awashe tochi.