Verdicchio ya Jesi: Divai Nyeupe Isiyopita Kwenye Pipa

DEO: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia divai moja tu, nayo ni Verdicchio dei Castelli di Jesi, inayotoka mkoa wa Marche, mashariki mwa Italia ya kati, kwenye vilima vinavyoteremka kutoka milima ya Apenini hadi Bahari ya Adria. Dada Upendo, wewe ndiye uliyeichagua, tena ukashikilia kwamba tuzungumzie ile ambayo haikuwekwa kwenye pipa la mwaloni. Kwa nini?

UPENDO: Asante, kaka Deo. Zabibu ya Verdicchio ina sifa mbili ambazo pipa jipya huzifunika upesi: ukali wa uchachu unaodumu hata zabibu zikiiva barabara, na uchungu mdogo wa ganda la lozi unaobaki ulimini baada ya kumeza. Wazalishaji wengi huichachusha kwenye matangi ya saruji au ya chuma kisichoshika kutu, kisha huiacha kwa miezi kadhaa juu ya mashapo ya chachu iliyokwisha kufa, na mashapo hayo ndiyo yanayoipa unene mdomoni bila kuitia harufu ya vanila ambayo mbao za mwaloni huleta.

DEO: Nafurahi umeutaja huo unene, kwa maana wapo wanaodhani kwamba divai isiyopita kwenye mbao lazima iwe maji matupu.

UPENDO: Dhana hiyo haina msingi. Verdicchio nzuri inajaa mdomo, na ile ya daraja la Riserva, ambayo kwa kanuni hukaa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa, 6 kati ya hiyo ikiwa ndani ya chupa, yaweza kutengenezwa tangu mwanzo hadi mwisho bila kugusa pipa, na bado ikaendelea kukomaa chupani kwa miaka kumi au zaidi.

DEO: Wengi wetu tuliifahamu kwanza kwa ile chupa ya kijani iliyobanwa kiuno kama mtungi wa kale.

UPENDO: Chupa hiyo ilibuniwa mwaka 1953 na msanifu majengo Antonio Maiocchi kwa ajili ya kampuni ya Fazi Battaglia. Iliifanya Verdicchio ijulikane mbali na kwao, lakini kwa maoni yangu iliidhuru pia, kwa sababu wanunuzi walizoea kununua umbo, na hapakuwa na aliyeuliza kilichomo ndani. Siku hizi wazalishaji wengi wamerudi kwenye chupa za kawaida, ambazo angalau zinakaa sawasawa kwenye friji.

DEO: Tuingie jikoni. Mimi nikisikia divai nyeupe kali ya pwani, nawaza samaki wa kuchoma na kipande cha ndimu, basi.

UPENDO: Samaki wa kuchoma hana tatizo, karibu divai nyeupe yoyote itamfaa. Ningependa tuanze na chakula kinachozishinda divai nyingine, nacho ni brodetto ya Ancona, mji wa bandari wa mkoa huo wa Marche. Huu ni mchuzi wa wavuvi, ambao kwa desturi hutiwa aina 13 za samaki na viumbe wengine wa baharini, ukapikwa kwa vitunguu, nyanya na siki. Wenye nyama ngumu, kama ngisi, hutangulia chunguni, na wale laini huongezwa baadaye ili wasivunjike, kisha mchuzi wote humiminwa juu ya mkate uliochomwa.

DEO: Hiyo siki ndiyo inayonitia shaka. Siki na divai havipatani.

UPENDO: Haipatani na divai iliyopoa uchachu. Chakula kikiwa kichachu kuliko kinywaji, kinywaji huonekana kimelala. Na ukileta divai ya pipa, vanila yake hukaa pembeni ya nyanya na siki kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Verdicchio ina uchachu wa kutosha kusimama mbele ya siki, halafu ule uchungu wa mwisho unausafisha ulimi kabla ya tonge linalofuata. Ila usidhani brodetto ni moja pwani yote. Kule Porto Recanati hawatii nyanya, bali hutumia zafarani ya mwituni, na mchuzi unakuwa wa manjano na wa upole; kwa huo ningechagua chupa iliyokomaa miaka michache.

DEO: Na stoccafisso? Inashangaza kwamba mji wa bandari wenye samaki wake wabichi unamheshimu kiasi hicho samaki mkavu kutoka Norwei.

UPENDO: Inashangaza, lakini ukimla utaelewa. Samaki huyo hulowekwa kwa siku kadhaa hadi alainike. Wapishi wa Ancona hutandika vipande vya matete chini ya sufuria ili asishike, wanampanga juu yake pamoja na nyanya, wanafunika kwa viazi vilivyokatwa vipande vikubwa, halafu wanamimina mafuta mengi ya zeituni na divai yenyewe ya Verdicchio. Baada ya hapo ni moto mdogo na subira, na hakuna kukoroga. Viazi hunyonya mafuta yote yale, na hapo ndipo unapohitaji kitu chenye makali glasini.

DEO: Basi hoja yako inahusu mafuta kuliko samaki.

UPENDO: Mafuta, chumvi na siki, ndiyo. Ndiyo maana naipenda pia pamoja na zeituni za Ascoli, zile kubwa za kijani zinazotolewa kokwa, zikajazwa nyama ya kusaga, zikaviringishwa kwenye yai na chenga za mkate na kukaangwa. Na kabla hujanipinga, yuko sungura wa kuokwa pamoja na shamari ya mwituni na vitunguu saumu.

DEO: Nakupinga hata hivyo, dada. Sungura ni nyama ya kuliwa na divai nyekundu.

UPENDO: Nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi, na Verdicchio yenyewe mara nyingi ina harufu inayokaribia shamari. Chukua Verdicchio ya Matelica, eneo jingine la Marche lililo bondeni ndani zaidi, mbali na upepo wa bahari, ambako usiku una baridi na divai hubaki na mkazo zaidi. Iache ifike nyuzi 12 hivi, kwa kuwa ikitoka moja kwa moja kwenye barafu hutasikia shamari wala lozi.

DEO: Haya, sungura nimekuachia. Je, vincisgrassi, ile lasanya yao yenye maini na nyama zilizopikwa muda mrefu?

UPENDO: Hapo naiweka Verdicchio kando. Mchuzi wa maini ni mzito mno kwake, na wenyeji wana Rosso Conero, divai nyekundu ya zabibu ya Montepulciano inayotengenezwa karibu na Ancona. Kwa lasanya hiyo nitakunywa hiyo.